Unywele Unaopima Pumzi

Chilewa, weka chini hiyo nyundo.
Hakuna cha kugonga leo.
Toa waya hasi wa betri kwanza,
kisha niletee bisibisi ya nyota,
ile ndogo, imo kwenye kopo la maziwa ya unga.

Hii Hailaksi ya Mama Sechelela
imeshapita kwa mafundi watatu.
Wa Majengo alisema ni tabo.
Wa Chang'ombe alisema ni pampu, akataja bei
ya ng'ombe wawili na ndama.
Wa tatu hakusema kitu. Alikaa nayo wiki,
akairudisha bila jeki.

Mwenyewe anasema: "Nikiipakia zabibu Hombolo,
ikaona kilima, hata kidogo,
inanuna."
Nimelipenda neno hilo.
Gari linalonuna halijafa, Chilewa.
Kuna jambo limeliudhi.

Fungua eakilina. Umeona?
Bahi imo humu, na Kondoa, na nusu ya Chamwino.
Upepo wa Agosti haubagui pua.
Kung'uta. Kikombe kizima cha udongo mwekundu;
ungeweza kupanda uwele.

Sasa sensa. Skrubu mbili.
Usivute waya, bana klipu.
Tazama ndani, usiguse, narudia, usiguse:
kijiwaya chembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga.
Hicho ndicho kinachopima hewa yote
inayoingia kifuani mwa jitu la tani mbili.
Kikivikwa vumbi, kinasema uongo
na wala hakikusudii.
Mjumbe aliyevaa koti zito
ataijuaje baridi ya nje?
Anapeleka habari: hewa ni kidogo.
Kompyuta inaamini, inapunguza dizeli,
na gari linalala njaa penye shibe.

Puliza kwa mbali. Si dawa ya kabureta,
ile ni kali, ina kazi yake.
Hii nyepesi. Mara nane, mara kumi.
Usifute. Usipulize kwa mdomo, mate nayo ni uchafu.
Iache ikauke yenyewe.

Wakati inakauka, twende jikoni.

Jikoni ndiyo valvu ya moshi.
Boliti nne, na gaskiti usiichane.
Haya ndiyo masizi: meusi, mazito,
kama ukoko ulioungua chini ya sufuria.
Palipopita vidole viwili sasa hapapiti njiti.
Waliobuni walikuwa na nia njema:
moshi uliotoka urudi kidogo, uchomwe tena,
mji usikohoe.
Basi injini inakohoa kwa niaba ya mji.

Mama yangu alipikia ndani ya tembe, kule Mvumi,
tembe isiyo na dirisha,
miaka arobaini akiuvuta upya
moshi wake mwenyewe.
Daktari akamsikiliza mgongoni, akaandika,
akauliza, "Bibi, unavuta sigara?"
Mama akacheka
mpaka kicheko kikageuka.

Kwangua kwa kijiti, si kwa chuma.
Mimina dawa, subiri, kwangua tena.
Ulimi wa valvu lazima ufunge na kufunguka
bila kubembelezwa.
Na usijifutie suruali ya shule, Chilewa,
mama yako atanitafuta mimi.

Saa tisa. Kila kitu mahali pake. Betri.
Washa.

Wingu moja jeusi, la aibu,
kuku wa jirani wakatawanyika,
kisha la kijivu,
kisha hakuna. Mngurumo tu, mnene, wa aliyeshiba.

Lakini taa ya injini bado inawaka.
Mama Sechelela anaitazama,
kisha ananitazama mimi.
"Haijaamini bado," namwambia.
"Imedanganywa miezi sita. Nenda nayo Hombolo na kurudi,
mara mbili, tatu, ijionee yenyewe."
Analipa nusu.
Nusu taa ikizimika.
Ni haki.

Ninapoinama kwenye beseni kunawa
kinanijia kile kikohozi, cha urithi,
kinanishika mpaka nashika ukuta.
Chilewa, anayejifunza haraka kuliko ninavyopenda,
anairudisha bisibisi kwenye kopo,
anasubiri nimalize,
anauliza:
"Fundi, na wewe
utafunguliwa na nani?"